Nyigu wadogo kwenye shina la mti: dalili, chanzo na la kufanya

Mtu akiona wadudu weusi wenye mabawa wakipanda na kushuka kwenye gome la mti wake, swali la kwanza huwa ni apulizie dawa gani. Akifika agroveti atauziwa, maana hapo hawakosi cha kuuza. Lakini katika visa vyote nitakavyovieleza hapa, hakuna hata kimoja ambacho kupulizia shina ndiko kunakokimaliza. Linalotakiwa ni kujua nyigu huyo amefuata nini pale.

Nyigu wadogo, wale wa milimita moja hadi tano, hawali gome. Wengi wao ni vimelea: jike hutaga yai ndani ya mdudu mwingine au juu yake, na buu anayeanguliwa humla mwenyeji wake taratibu mpaka amuue. Wachache huishi ndani ya tini, na wengine hujenga vinundu kwenye majani. Kwa hiyo uchunguzi uanze na mti: ni mti gani, una matunda, una vumbi la mbao, unanata, umevimba? Ukishajibu hayo, nyigu mwenyewe karibu atajitaja jina.

Kwanza, je, ni nyigu kweli?

Mfunike kwa kichupa cha kioo, ukiweke kwenye friji dakika kumi hivi. Baridi itamtuliza bila kumuua. Mmwage juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, umpige picha kwa simu. Zile lenzi ndogo za kubana juu ya kamera ya simu zinafaa sana, ila hata bila lenzi, picha ikiwa na rula ndani yake ina thamani kuliko maelezo marefu ya "kadogo sana, keusi".

Hesabu mabawa. Nyigu ana manne, ingawa yale ya nyuma ni madogo na yameshikizwa kwa ya mbele kwa vikulabu, hivyo kwa macho yataonekana mawili. Inzi na mbu wana mawili kweli. Kama mabawa yamekuchanganya, tazama kiuno na papasi, zile pembe mbili za kichwani za kunusia na kupapasia. Nyigu ana kiuno kilichobanwa na papasi zenye pingili anazozigongagonga kwenye gome anapotembea. Inzi wengi papasi zao ni fupi hata hazionekani.

Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Dunga na Usoma hadi kule Mbita, hupata mkanganyiko mwingine kabisa. Mwezi unapoandama, mawingu ya wadudu hupanda juu ya ziwa, na asubuhi mashina ya miti na kuta zenye taa huwa zimefunikwa. Hao ni sam, si nyigu. Wana mabawa mawili, miguu mirefu myembamba, na madume wana papasi zenye manyoya. Hawaumi, hawatoboi chochote, na baada ya muda mfupi wamekufa. Fagia tu. Wapo pia wanaowakusanya na kuwafanya chakula, na hao ndio wanaopata faida.

Siafu na chungu wenye mabawa nao husingiziwa unyigu. Usitegemee papasi zilizopinda kama kiwiko kuwatofautisha, kwa sababu nyigu wadogo wengi nao wana papasi za namna hiyo. Tazama kiuno kwa ubavuni: cha chungu kina kinundu kimoja au viwili vilivyosimama, cha nyigu hakina. Kumbikumbi hana kiuno hata kidogo, na mabawa yake manne yanalingana urefu.

Ukikuta kundi la wadudu wadogo wa rangi ya majivu wanaokimbia pamoja kwenye gome, mabawa yao wameyainamisha mfano wa paa, hao ni chawa wa magome. Hula ukungu na kuvu, mti hawaudhuru. Nawataja kwa sababu mayai yao huvamiwa na nyigu wa ajabu: huko Marekani kuna spishi iitwayo Dicopomorpha echmepterygis ambayo dume wake, asiye na mabawa wala macho, amepimwa na kupatikana na urefu wa milimita 0.139. Hajajulikana mdudu mzima aliye mdogo kuliko huyo. Wale unaowaona shinani kwako ni wakubwa wa ukoo.

Dalili: mkuyu umejaa nyigu ghafla, baada ya siku chache hawapo

Hiki ndicho kisa kinachowatisha watu zaidi, na ndicho chenye jibu jepesi. Mkuyu, ambao Waluo huuita ng'owo, huzaa tini zake kwenye shina lenyewe na kwenye matawi makubwa, si kwenye ncha za vijiti tu. Kwa hiyo tini zikiiva, nyigu wanaotoka ndani yake hutokea papo hapo kwenye gome. Mti mmoja hukomaza tini zake nyingi kwa wakati mmoja, ndiyo maana wanakuja kwa wingi na kutoweka kwa pamoja.

Chukua tini iliyoanza kulainika, uikate katikati kwa wembe. Ndani utakuta maua madogo yamepangana ukutani, yakitazama katikati. Baadhi yamevimba, na ndani ya kila lililovimba kulikuwa na nyigu mmoja. Tazama kwa utulivu. Utaona wa aina mbili: weusi wanaong'aa wenye mabawa, ambao ni majike, na wengine wa rangi ya kahawia iliyofifia, wasio na mabawa, wenye taya nene. Hao wa pili ni madume. Wao ndio hutoka kwanza, huwapanda majike wakiwa bado wamefungiwa katika vinundu vyao, kisha hutoboa njia kwenye ukuta wa tini. Kazi yao imeishia hapo. Majike hupita kwenye njia hiyo wakiwa wamebeba chavua, na wana siku moja au mbili tu za kutafuta mkuyu mwingine wenye tini changa.

Akiupata, jike huingia kwa kupenya mdomo mdogo wa tini, ule ulio upande wa pili wa kikonyo. Mlango ni mwembamba mno hata mabawa yake hung'oka. Chunguza midomo ya tini changa na utayaona, vipande vya mabawa meupe vimenaswa kati ya magamba. Ukiona hivyo, huhitaji ushahidi mwingine. Katika mikuyu ya Afrika Mashariki mchavushaji huyo ni Ceratosolen arabicus.

Utakutana pia na nyigu wenye mkia mrefu kupita mwili, wamesimama juu ya tini kwa nje. Hao hawachavushi. Hutoboa ukuta wa tini kutoka nje na kutaga ndani, wengine wakila nafasi ya wachavushaji, wengine wakiwala mabuu wenyewe. Mfano ni wale wa jenasi ya Apocrypta. Mkia huo ni mrija wa kutagia, haukuchomi. Na usishangae kukuta chungu wengi mahali hapo, kwa kuwa huwavizia nyigu wanapotoka.

La kufanya: hakuna. Mkuyu usio na nyigu wake hauzai mbegu. Misri ni ushahidi. Mkuyu umelimwa huko tangu enzi za Mafarao, lakini mchavushaji wake hayupo, hivyo wakulima wameupanda kwa vipande vya matawi miaka yote hiyo, na tini wamezikwaruza kwa kisu ili ziive. Kama mti uko karibu na nyumba na watoto wanacheza chini yake, waache wacheze. Nyigu hawa hawawezi kumuuma mtu.

Mitini mingine, ikiwemo ile inayopandwa kuwa uzio, ina nyigu wake pia, ila kwa mingi kati yake tini ziko kwenye matawi, hivyo shinani hutawaona wengi.

Dalili: nyigu mmoja mmoja amesimama kama anayedunga gome sindano

Ukipata bahati ya kumwona huyu kwa karibu, acha shughuli nyingine. Anatembea polepole, papasi zikigonga gome kulia na kushoto. Anasimama, anarudi nyuma hatua moja, anagonga tena. Kisha anainua tumbo juu, mrija wake unashuka wima mpaka ukagusa gome, na ala mbili zinazoufunika zinajikunja pembeni. Kinachoingia kwenye mti ni uzi mmoja mwembamba kuliko unywele. Anaweza kubaki hivyo kwa dakika nyingi. Usimvute, utamkata.

Anachotafuta ni buu wa mbawakawa aliye chini ya gome au ndani ya mbao. Hajatoboa mti ili aule. Kuna aliyetangulia kuutoboa. Kwa maneno mengine, nyigu huyu ndiye habari njema katika hali mbaya, na ukimpulizia dawa utakuwa umemwondoa askari na kumwacha mwizi ndani, kwa sababu dawa ya kunyunyiza juu ya gome haimfikii buu aliyejichimbia.

Geuza basi macho kwa mti. Piga magoti uangalie chini ya shina. Vumbi laini linalofanana na unga wa mahindi linaonyesha mbawakawa wadogo. Nyuzinyuzi na vipande virefu vya mbao vinaonyesha mabuu wakubwa wa mbawakawa wenye papasi ndefu. Kisha matundu: ya mviringo yasiyozidi milimita mbili ni ya mbawakawa wadogo au ya nyigu wenyewe walipotoka, ya umbo la yai ni ya mbawakawa wenye papasi ndefu wa aina kadhaa, yenye upande mmoja bapa ni ya wale mbawakawa wanaong'aa kama chuma. Gonga gome kwa mpini wa kisu. Likisikika wazi ndani, hapo chini kumeliwa.

Kwa wenye kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma na Trans Nzoia, mshukiwa wa kwanza ni kipekecha shina mweupe, Monochamus leuconotus. Buu wake huanza chini kabisa, huzunguka shina chini ya gome karibu na ardhi, kisha hupanda ndani ya mbao. Majani hugeuka manjano na mti hudhoofika huku mwenye shamba akilaumu mbolea. Ukiona vumbi kwenye kitako cha mkahawa, tafuta tundu, ingiza waya laini mpaka umfikie buu. Mti ulioharibika sana ung'olewe na kuchomwa kabla wakubwa hawajatoka. Gome la sehemu ya chini likwanguliwe kwa gunzi la mahindi au gunia mpaka liwe laini, maana jike hupendelea nyufa za gome kutaga mayai.

Kwa miti mingine jibu halina ujanja mwingi. Mbawakawa hawa huufuata mti uliochoka: uliokatwakatwa ovyo, uliochunwa gome kwa ajili ya dawa, uliofungwa waya wa uzio ukamkaba, au uliokumbwa na kiangazi. Kata matawi yaliyokufa, usiyaache yalale chini ya mti. Na kama nyigu wako kwenye nguzo za uzio au rundo la kuni, hapo sababu ni mbawakawa wa mbao kavu, na mti ulio hai pembeni hauhusiki.

Kuna wanaosoma habari za nyigu wa misonobari, Sirex noctilio, aliyefika Afrika Kusini mwaka 1994 na kuharibu misonobari huko, wakadhani ndiye huyu. Sirex ni mdudu mkubwa, kwa kawaida huzidi sentimita moja na nusu. Wako wa milimita tatu hafanani naye kwa lolote.

Dalili: mkaratusi una nyigu weusi wadogo, na majani ya juu yamejikunja

Hapa sasa nyigu ndiye mkosaji. Anaitwa Leptocybe invasa. Urefu wake ni kama milimita 1.2, yaani chembe ya wimbi. Mweusi wa kahawia, na jua likimpiga hutoa mng'ao wa buluu na kijani. Asili yake ni Australia, uliko mkaratusi wenyewe, lakini aligunduliwa kwanza Mashariki ya Kati mwaka 2000, na kufikia 2002 alikuwa ameshaonekana magharibi mwa Kenya. Jina la kisayansi alikuja kupewa mwaka 2004. Karibu wote ni majike, na hawahitaji dume ili wazae, jambo linaloeleza kwa nini mmoja tu akisafirishwa kwenye mche anatosha kuanzisha ukoo.

Shinani hutamkuta akifanya kazi, isipokuwa kwenye miche ambayo shina lake bado ni kijani. Kwenye mti mkubwa anapumzika tu. Ushahidi uko juu: shusha tawi changa uangalie mshipa wa kati wa jani, kikonyo na kijiti kilichobeba majani. Palipotagwa pana vinundu vimejipanga mstari. Vikiwa vichanga ni vya kijani, halafu huwa vya waridi, na vikikomaa hugeuka wekundu au kahawia. Vinundu vyenye tundu dogo la mviringo tayari vimeachwa na wenyewe. Ukivikuta vimeziba lakini vimekomaa, wenyewe bado wamo. Kutoka yai hadi nyigu anayeruka inaweza kuchukua zaidi ya miezi minne.

Mti mkubwa huumia lakini huvumilia. Miche na miti ya mwaka wa kwanza ndiyo inayoharibika: ncha hujikunja, majani hudondoka, na mti hudumaa ukawa kichaka. Hapa kwetu mikaratusi ya camaldulensis na ile ya mseto wa grandis na camaldulensis, wanayoiita GC, imeshambuliwa vibaya. Nasema hivyo kwa sababu mseto huo ulisambazwa kwa wakulima wengi kwa ahadi ya kukua haraka kwa nguzo, na wapo walioupanda shamba zima wasibakishe hata mstari wa aina nyingine.

La kufanya linaanza kitaluni. Kabla ya kununua miche, geuza majani ya juu kabisa uyatazame kwenye mwanga. Mche wenye vinundu usiutoe kitaluni hata ukipewa bure. Aliye na kitalu aing'oe miche iliyoathirika na kuichoma. Kunyunyizia dawa hakusaidii sana kwa kuwa buu amefungiwa ndani ya kinundu. Njia iliyofanya kazi katika nchi mbalimbali ni kumwachia adui wake, ambaye naye ni nyigu mdogo: Quadrastichus mendeli, na Selitrichodes neseri aliyeachiliwa Afrika Kusini mwaka 2012. Hao hutaga ndani ya vinundu vya Leptocybe na mabuu yao humla. Ina maana kwamba kwenye mkaratusi uleule unaweza kumwona mhalifu na anayemwinda, na kwa macho ya kawaida hutawatofautisha. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka bomba chini.

Murembe, ule mti wa maua mekundu unaoheshimiwa na Waluhya, nao huweza kuwa na vinundu majanini vya nyigu wa jamii hiyo, Quadrastichus erythrinae. Usiufananishe na mkaratusi. Ukoo huo wa nyigu ni wa Afrika, na una maadui wake hapahapa. Alipovuka bahari hadi Hawaii mwaka 2005 akaangamiza miti ya jamii ya murembe, ilibidi wanasayansi waje Tanzania kumtafuta nyigu mwingine, Eurytoma erythrinae, wakamwachilia huko mwaka 2008.

Dalili: shina linanata, limeingia weusi, na nyigu wanazunguka

Utomvu mtamu unaonata hutolewa na wadudu wanaofyonza maji ya mti: vidukari, vidung'ata na wadudu magamba. Weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Nyigu wamekuja kwa mambo mawili, kulamba na kutaga. Tafuta vidukari waliovimba, wakakauka, rangi ya dhahabu au ya karatasi, wengine wakiwa na kitundu cha mviringo mgongoni. Kila kitundu ni nyigu aliyetoka baada ya kumla mwenyewe.

Upande wa Nakuru, kwenye mashamba ya saipresi ya Bahati, Dundori na kupanda kuelekea Mau, dalili hii ina historia yake. Kidukari wa saipresi, Cinara cupressivora, alionekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, akakausha saipresi na nyua za watu kwa kasi. Suluhisho lililochukuliwa lilikuwa kuleta nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum, katika miaka ya tisini. Kwa hiyo ukiona kwenye tawi la saipresi nyigu mwembamba mweusi akipita kati ya vidukari, akikunja tumbo chini ya miguu yake na kumdunga mmoja baada ya mwingine, mwache amalize.

Katika mwembe au mparachichi ulionata, waangalie chungu kabla ya nyigu. Chungu huwalinda vidukari na kuwafukuza nyigu ili waendelee kulamba utamu. Zuia chungu wasipande, kwa kufunga mkanda wa plastiki uliopakwa grisi kuzunguka shina (grisi iwe juu ya plastiki, isiguse gome), na ukate matawi yanayogusa ukuta au mti mwingine. Nyigu watamaliza kazi iliyobaki.

Dalili: wadudu weusi wamekaa juu ya kundi la mayai

Ni nyigu wa mayai. Wanatagia ndani ya mayai ya kunguni wa mimea au ya nondo, yai moja kwa yai moja. Usiyakwangue. Rudi baada ya wiki moja au mbili: yai lililoanguliwa kiwavi lina mdomo uliochanika ovyo, lililotoka nyigu lina tundu duara safi. Ukihesabu matundu duara mengi kuliko machanika, una walinzi wa kutosha.

Dalili: wanaingia na kutoka kwenye tundu la shina

Kama tundu lina kibomba cha nta kinachochomoza nje, na wanaotoka ni weusi wadogo wanaoning'inia hewani mbele ya mlango, hao ni nyuki wasiouma. Watu wa Kakamega wanawajua vizuri. Wadogo kabisa, wa jenasi ya Hypotrigona, wana milimita mbili au tatu, na ndio wale wanaokusumbua machoni ukitoka jasho. Wengine wanarudi na chavua imeshikwa miguuni. Nyigu hafanyi hivyo. Usizibe tundu. Asali yao inauzwa ghali kuliko ya nyuki wa kawaida.

Kama hakuna kibomba, ila tundu limezibwa kwa udongo na anayelihudumia ni nyigu mmoja mweusi mwembamba chini ya sentimita moja, ni Trypoxylon. Huyu hajatoboa kitu. Amekodi tundu la mbawakawa lililoachwa, analijaza buibui aliowapooza kwa kuwadunga, anataga yai, anaweka ukuta wa tope, anaanza chumba cha pili. Nyigu wa kijani au buluu inayometameta anayerandaranda hapo ni mdokozi, anasubiri mwenye nyumba atoke ili atage humo humo.

Dalili: wameuma mtu

Basi kwa kawaida si hawa wadogo. Kagua upande wa chini wa matawi na penye kivuli shinani, utafute masega ya rangi ya karatasi yasiyo na kifuniko. Hao ni nyigu wanaoishi kwa makundi, wa jenasi ya Ropalidia au Belonogaster, wakubwa kidogo, na wanalinda makao yao kwa pamoja. Kama masega hayako kwenye njia ya watu, yaache. Kama yako mlangoni au kwenye uwanja wa shule, yaondolewe usiku na mtu aliyevaa nguo nzito. Aliyeumwa akivimba uso au kushindwa kupumua, hospitali mara moja.

Ukishindwa kumtambua

Kama unataka jina kamili, peleka sampuli iliyoandaliwa. Mtie kwenye kichupa chenye spiriti isiyopungua asilimia 70. Chang'aa haitoshi, na utapata taabu kumweleza askari wa njiani. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi mahali, tarehe na aina ya mti, ukitumbukize humo humo kichupani. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Ukitaka wengi zaidi, weka bakuli la manjano lenye maji na tone la sabuni chini ya mti asubuhi. Nyigu wadogo huifuata rangi hiyo, na sabuni huwazamisha.

Kwa matatizo ya miti, taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Maseno. Icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina makao makuu Nairobi na kampasi Mbita. Makumbusho ya Taifa Nairobi nayo huhifadhi mikusanyo ya wadudu ambayo wataalamu hulinganisha nayo. Popote utakapokwenda, beba na kipande cha mti: tawi lenye majani, tini iliyokatwa, gome lenye tundu au kinundu ambacho hakijatobolewa, vikiwa vimefungwa kwenye gazeti wala si kwenye mfuko wa plastiki, ambamo vitaota ukungu kabla hujafika. Kinundu kizima kikiwekwa kwenye chupa iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, mara nyingi nyigu atatokea mwenyewe, na hapo hakutakuwa na ubishi alitoka wapi.